Barua ya wazi kwa Mkuu wa Polisi: yule askari mmemrudisha palepale

Mheshimiwa Mkuu wa Polisi,

Nakusalimu kwa heshima zote. Nimeshakuandikia barua tatu za kawaida, nakala ninazo hapa zina muhuri wa mapokezi ya ofisi yako, na hakuna hata moja iliyojibiwa, ndo maana leo naandika mbele za watu. Nikiteleza kwenye adabu naomba unisamehe mkuu, naandika usiku na usingizi hamna.

Jana jioni tulikuwa wanne tunatoka kazini, sare ileile, tunatembea pamoja. Askari wako akawamulika wenzangu tochi akawaambia piteni, mimi nilipoitikia salamu tu akasikia lafudhi yangu akasema wewe kaa pembeni. Akachukua kitambulisho akakigeuza, akakikwangua kwa ukucha aone kama picha inabanduka, akaniambia taja jina la babu yako. Nikataja. Akacheka, "majina yenu haya". Dakika 40 nimeegemeshwa mikono kwenye boneti ya gari lao, wenzangu wamesimama kule mbali wanaogopa hata kuniita.

Na ninamjua. Ni yuleyule niliyemlalamikia mwaka jana, kabla ya hizo barua tatu, kwa kosa hilohilo, na ofisi yako ikaniandikia kwamba atapelekwa mafunzo ya kurekebisha mwenendo na hatua za nidhamu zitafuata. Nikafurahi kweli, ile barua nikawasomea mpaka nyumbani. Jana yeye mwenyewe kaniinamia sikioni akasema, si ulinishtaki, nikaenda nikakaa darasani siku moja nikarudi.

Siku moja mkuu! Mtu ana miaka anawapima watu kwa jina na lafudhi halafu asaini mahudhurio, apewe cheti, arudi barabara ileile na tochi ileile, tena sasa ana kinyongo na mimi?

Haya mambo yameshapimwa kwingine. New York kati ya 2004 na katikati ya 2012 polisi walisimamisha watu zaidi ya mara milioni 4.4, wengi mno wakiwa weusi na Walatino (wenye asili ya Amerika ya Kilatini), na karibu mara 88 katika kila 100 hakukuwa na kukamatwa wala kuandikiwa kosa lolote. Mwaka 2013 mahakama ikasema ule utaratibu umevunja katiba. Baadaye askari wakapewa somo la siku moja kuhusu upendeleo, yaani kumpima mtu kwa rangi au asili yake bila hata kujitambua, watafiti walipokuja kupima wakakuta uelewa umepanda kidogo lakini hawakupata ushahidi wa kutosha kwamba barabarani kumebadilika. Sasa sisi tunarudia somo la siku moja tukitegemea nini?

Mi nadhani, na naweza kuwa nimekosea, wakubwa wake wanahesabu amesimamisha wangapi na hakuna anayeuliza kwa nini. Angelazimika kuandika sababu kila anapomsimamisha mtu, na mkubwa wake akaisoma, jana angeandika nini? Lafudhi? Mafunzo ya kweli ni hayo, afanye kazi huku anasimamiwa kwa miezi, malalamiko yake yote yakae faili moja, na akirudia apande kwenye kamati ya nidhamu, siyo semina tena. Umoja wa Mataifa tangu 1979 una kanuni za maadili ya askari, kifungu cha 2 kinawataka walinde utu na haki za watu wote. Wote mkuu, hata sisi wenye majina haya.

Uliahidi hatua za nidhamu. Zilichukuliwa au hazikuchukuliwa? Naomba jibu hilo tu kwa maandishi, na naomba huyu askari aondolewe pale mpaka jibu lipatikane. Aondolewe pale mkuu, nakuomba sana. Kesho saa 12 jioni nitapita hapohapo, njia nyingine ya kurudi nyumbani sina.

Wako mwananchi,
mlalamikaji wa barua tatu