Hiyo nafasi nyeupe kwenye bango lako hatukuisahau

Jumamosi iliyopita mteja wetu mmoja, muuza mtindi wa hapa hapa Kariakoo, alirudi dukani kwetu, tunapobuni na kuchapa mabango, na bango lake kwapani. Akalitandaza kaunta mbele ya watu, akaweka kiganja palipo peupe: "Hapa mlikuwa mnafanya nini? Mimi nimelipia karatasi nzima." Bango lenyewe lilikuwa na neno MTINDI, bei ya lita moja, mshale na namba ya simu. Basi. Akaona elfu 35 ya ubunifu imeliwa bure.

Si wa kwanza kusema hivyo, na tunamwelewa. Mtu akinunua shamba hapendi kuona kona haijalimwa. Lakini bango halisomwi kama barua. Msomaji wako yumo kwenye daladala, au anavuka barabara na mtoto mkononi. Akikuta maandishi kutoka pembe hadi pembe, yote ya ukubwa mmoja, jicho linakosa pa kuanzia, naye huyo anapita.

Tazama kanga. Pindo limezunguka, mji uko katikati, na jina limekaa mahali pake, mstari mmoja, herufi kubwa. Mama akipita unalisoma kabla hajakata kona. Sasa chukua maneno ya kanga tano, yatie kwenye moja, uone kama kuna atakayesoma hata moja.

Kwa hiyo kabla ya kufungua kompyuta tunakuuliza: mpita njia akikumbuka kitu kimoja tu, unataka kiwe kipi? Hicho ndicho kinapewa nusu ya karatasi. Bei au siku na mahali hufuata kwa herufi ndogo zaidi, kisha namba ya simu. Mengine atayauliza akishafika.

Na kuna hesabu yake. Kadirio tunalotumia ni herufi yenye kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali. Bango la kusomwa kutoka mita 12 linahitaji kichwa chenye herufi za kimo cha sentimita 10. Karatasi ya A2 ina upana wa sentimita 42. Chukua rula uone herufi ngapi nene zitaenea hapo. MTINDI inaingia. "Tunauza mtindi safi wa asili kwa bei nafuu" haiingii, labda uikate mistari mitano na bei ikose pa kukaa.

Mwaka jana dada mmoja wa saluni alitaka huduma 17, namba 3 za simu na picha yake, maandishi mekundu juu ya bluu. Tulimwambia nyekundu juu ya bluu hutetemeka machoni. Hakupenda, akaenda kuchapisha 100 kwingine. Baada ya wiki mbili alirudi, maana watu walikuwa wanasimama mlangoni, chini ya bango lenyewe, wanamuuliza hapa mnafanya nini. Tukaandika KUSUKA kwa nyeusi juu ya njano, na chini yake "mlango wa kijani". Amelipa mara mbili, na lile la kwanza ndilo lililokuwa ghali.

Njia ya mkato inayotuumiza zaidi ni picha za WhatsApp. Mzee wa kwaya alituletea picha ya waimbaji iliyokuwa imetumwa kundi hadi kundi, imebaki pikseli 1600, yaani nukta zinazounda picha, upande mrefu. Karatasi ya A3 ikichapwa vizuri inataka pikseli 3508 kwa 4961. "Mbona kwenye simu inaonekana safi?" Kioo cha simu ni kidogo na kinawaka, wino hauwaki. Akasisitiza tuchape 200. Nyuso zikatoka kama zimepakwa uji, ikabidi arudie zote kwa gharama yake. Tafadhali, itume kama dokumenti kutoka kwenye simu iliyoipiga.

Mnaosema bei yetu imezidi, elfu 35 ina masahihisho mawili na jaribio la mlangoni. Tunachapa nakala moja, tunaibandika kwenye mlango wa duka, tunavuka barabara hadi kijiwe cha bodaboda na kumwomba mmoja asome kwa sauti. Akikodoa macho, tunarudi kuanza upya. Kuna bango lilivuka barabara mara nne kabla hatujamkabidhi mwenyewe.

Huyu wa mtindi naye tulivuka naye. Tukaacha bango lake mlangoni, tukasimama pale penye pikipiki, akalitazama muda bila kusema. Kisha akaomba tumwongezee namba ya pili ya simu. Tulibishana kidogo, tukakubaliana ibaki moja, ile anayoipokea mwenyewe.