Harambee ya Njia ya Pwani: Tunaomba Mkono Wenu Kabla ya Kesi

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na hamjambo nyote.

Barua hii inatoka kwa kamati ya kijiji, huku kusini mwa mkondo wa Kilifi. Inakwenda kwa wana wetu mlioko Mombasa, Nairobi, Muscat, Doha na kokote mlikopelekwa na riziki, na kwa marafiki mliowahi kukaa ufuoni kwetu mkala samaki wa kupaka mkasema mtarudi. Tumewaita kwa harambee za karo na za mazishi, na hamkutuangusha. Safari hii tunachangia njia yetu ya ufuoni, ambayo kampuni ya mradi wa nyumba za wageni imeizibia, nasi tunakwenda mahakamani kuidai.

Mnaijua. Inatokea msikitini, inapita kati ya mwembe mkubwa na ua wa shule, inashuka kwenye mawe mpaka ufuoni. Leo ukifika kwenye mwembe unapambana na mabati ya buluu yaliyopigiliwa kwenye boriti, mlango mmoja, kufuli moja, na kijana wa ulinzi ambaye ni mtoto wa kijiji jirani na hawezi kututazama usoni. Mama mmoja alipomuuliza kama hata nyanyake naye angemzuia, alijibu, "Mimi nimeandikwa tu, mama." Hatuna ugomvi naye.

Maji yakipwa, mtu bado anaweza kuzunguka kwa chini, akakanyaga mwamba na kutokea upande wa pili. Yakijaa bamvua, yale maji makubwa, hakuna cha kuzunguka, kwa sababu bahari inapiga kwenye ukuta wenyewe. Wavuvi wa dema, ule mtego wa kusukwa, ndio walioumia zaidi. Dema la kubebwa na watu wawili haliingii kwenye bodaboda, na barabara ya juu ni mwendo mrefu wa jua kali. Mama karanga, wanaokaanga samaki na kuuza, nao walizoea kumpokea mvuvi pale pale chombo kinapotua, wanachagua, wanapatana bei, na jioni karai liko motoni. Sasa samaki anawafikia amechoka, na bei ameshaipanga mchuuzi mwenye gari na barafu. Ukitaka kujua ukuta umegharimu nini, usimuulize wakili. Kaulize kwenye makarai.

Mchoro wa mradi tumeuona kwenye simu ya fundi mmoja. Una nyumba za wageni, mabwawa ya kuogelea, na gati la boti za starehe. Mahali palipo makaburi ya wazee wetu pamepakwa rangi ya kijani na kuandikwa bustani. Hakuna mkutano tulioitiwa. Kampuni yenyewe hatuitaji hapa kwa jina, kwa ushauri wa wakili.

Wapo watakaosema: nyinyi si maskwota tu, mna haki gani? Vijana waliozaliwa mjini hawakusimuliwa, kwa hiyo tutaeleza kidogo. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi hapa Mwambao. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa apeleke madai yake yaandikishwe, na ile isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Waliojua kusoma na waliokuwa karibu na ofisi waliandikisha. Wamijikenda wengi waliokuwa wakilima na kuvua hawakusikia habari, na waliosikia hawakuhesabiwa kuwa watu wa kudai. Uhuru ulikuja 1963 na daftari likabaki lile lile. Ndiyo maana mpaka leo Pwani mtu anaweza kuzaliwa, kuoa na kuzikwa chini ya mnazi uliopandwa na babu wa babu yake, na bado akaitwa mvamizi na mtu aliyeshuka kwenye ndege juzi.

Sheria ya leo lakini si ile ya 1908. Ibara ya 62 ya Katiba inasema ardhi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma. Haina mwenye hati. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ilitoa hukumu ambayo wakili wetu anaibeba mkobani kama msahafu. Ni kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Kiwanja kilikuwa Nyali, kando ya bahari. Mwaka 1989 kiligawiwa Rais Moi, kikauzwa, kikauzwa tena, na mnunuzi wa mwisho akawa na hati safi mkononi. Mwaka 2017 kaunti ikauvunja ukuta ili watu wapate njia ya kwenda ufuoni. Mwenye hati akashtaki, na akashindwa mpaka juu kabisa. Majaji walisema kiwanja kile kilikuwa kimetengwa kwa matumizi ya umma, hakikufaa kugawiwa mtu tangu mwanzo, na hati iliyoanza kwa makosa haisafishwi kwa kuuzwa mara nyingi. Tusomeeni hukumu hiyo watoto wetu mlio vyuoni. Ni ukuta wetu huu huu, ila wa Nyali.

Kuhusu nyumba zetu tunazotakiwa kuhama, mwaka 2021 Mahakama hiyo hiyo iliamua kesi ya watu wa kijiji cha Mitumba, waliobomolewa karibu na uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, mwaka 2011. Ilisema wasio na ardhi wakikaa kwenye ardhi ya umma wanaweza kupata haki ya makazi ambayo mahakama inailinda, hata kama hawana hati. Na kama sehemu ya ardhi yetu itaonekana ni ya mtu binafsi, kuna kanuni ya miaka 12 ya kukaa waziwazi bila kukatizwa. Makaburi, minazi na msikiti vitatutolea ushahidi, mradi vipimwe na kuandikwa na mtu ambaye mahakama inamwamini.

Hapo ndipo fedha zinapohitajika. Soroveya mwenye leseni atachora ramani ya njia, makaburi, visima na mstari wa maji ya bamvua. Tumepatana naye shilingi 260,000, baada ya kumshusha kwa chai nyingi. Wakili amekubali kufanya kazi kwa nusu ya ada yake. Tunahitaji 350,000 za kufungua kesi katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, Malindi, pamoja na nauli za mashahidi. Wazee wetu hawatapanda matatu ya kusimama. Nyingine 90,000 ni za tamasha, nalo lina maneno yake.

Baadhi yenu mmelalamika kwamba vijana wamegeuza madai kuwa sherehe. Mmeona picha: ngoma usiku, mahema ya turubai ufuoni, watu wa rasta, binti wa Nairobi mwenye pete puani amekaa na shangazi zetu anafundishwa kusuka makuti. Tuwaambie ukweli, hata kamati iligawanyika. Imamu wetu alisema ufuo si mahali pa makelele, na mchungaji naye, kwa mara ya kwanza miaka mingi, alikubaliana naye kabisa. Lakini tuliona jambo moja. Usiku ambao vijana walikesha pale hakuna trekta lililokuja. Usiku ambao ufuo ulikuwa mtupu, asubuhi tulikuta vigingi vipya. Tangu hapo imamu anawapelekea kahawa, ila ngoma zinanyamaza kabla ya alfajiri na bangi ni marufuku. Masharti hayo yamekubaliwa, na yanafuatwa zaidi ya tulivyotarajia.

Kwa hiyo tamasha lipo. Kuna mashindano ya ngalawa, ngoma za mwanzele na gonda za wazee wa Kigiriama, chakacha ya kina mama kwa zamu yao, mashairi, na mpira wa ufuoni maji yakipwa. Kilifi haikosi matamasha. Kila mwisho wa mwaka Beneath the Baobabs hujaza mibuyu watu kutoka kila nchi, wenye tiketi na bangili za mkononi, na wachuuzi wetu hupata chochote. Hatuna neno nalo. Letu halina tiketi wala geti, maana kuweka geti kwenye tamasha la kupinga geti ni kichekesho. Yale 90,000 ni ya turubai, taa za sola, vyoo vya muda, na mchele.

Msidhani haya ya kukesha na kuchanga ni ndoto za watu wa ufuoni. Lamu walisimama dhidi ya kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050 kule Kwasasi, na Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira likafuta leseni yake, sababu mojawapo ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Na kuna habari ya mbali ambayo baharia wetu mmoja aliyewahi kutia nanga Copenhagen hachoki kuisimulia. Huko Denmark, mwaka 1971, vijana wasio na makazi na wapenda maisha ya kivyao walivunja uzio wa kambi ya jeshi iliyoachwa, kando ya maji, katikati ya mji mkuu. Wakahamia, wakaipa jina Christiania, wakajenga nyumba za vioo na mbao chakavu, kumbi za muziki, warsha za baiskeli. Serikali ilijaribu kila namna, na mwaka 2011 mahakama ikasema ardhi ni ya dola. Hawakuondoka. Walipatana na serikali wainunue kupitia wakfu wao wenyewe, kwa kroner milioni 76.2, wakauza hisa za heshima tu, hisa isiyompa mnunuzi hata chumba. Watu walinunua. Sehemu nyingine ya fedha ilikuwa mkopo, na walikuwa na matatizo yao mengi, hasa ile biashara ya bangi waliyoishia kuing'olea mawe ya barabara wenyewe mwaka 2024. Sisi hatutaki kununua bahari. Tunasema tu kwamba harambee ya maskwota imewahi kufanyika, tena na watu wenye nywele ndefu kuliko vijana wetu.

Sasa masharti yetu. Mwanasiasa akileta mchango ataandikwa kwenye daftari kama mtu mwingine yeyote, na kipaza sauti hatashika. Kampuni imetuma mjumbe na bahasha ya "fidia ya kuhama" kwa nyumba moja moja. Nyumba kadhaa zimepokea. Hatuwatengi, maana njaa haina hukumu ya mahakama, lakini tunawaomba msitie sahihi karatasi yoyote kabla wakili hajaisoma. Daftari la michango litasomwa kwa sauti kila Ijumaa baada ya swala, na kila Jumapili baada ya ibada, shilingi kwa shilingi. Mwenye 50 alete 50.

Namba ya M-Pesa haimo humu kwa makusudi, kwa kuwa matapeli wameshaiga harambee za watu wengine. Mpigieni mweka hazina, mnamjua sauti, naye atawatajia. Mlio Ghuba, chagueni mtu mmoja akusanye, ili ada za kutuma zisimalize mchango.

Siku yenyewe ni Jumamosi ya kwanza baada ya mwezi mpevu, asubuhi, chini ya mwembe, upande huu wa mabati. Maji yatakuwa yamepwa karibu na adhuhuri, kwa hiyo tutashuka pamoja kwa njia ya mwambani kwenda kula ufuoni. Mwenye nazi alete nazi. Mwenye sufuria kubwa aiandike jina, zile za arusi ya mwaka jana hazijarudi zote.