Dadangu, usibebe wodi nzima

Siz,

Jumapili ile ulikuja nilikuwa nakuangalia tu. Ulikaa kwa kochi na viatu vya kazi, chai ikapoa mpaka ikashika utando, nikakuuliza kuna nini ukasema ati hakuna, halafu ukanieleza habari ya yule mtoto wa wodi yenu mpaka saa tano usiku. Aki sikulala, na wewe najua hukulala.

Watu wanakuambia uwe na roho ngumu, si ndiyo? Mimi siwezi kukuambia hivyo, manesi wa roho ngumu tumewaona. Lakini mimi pia huruma ilikaribia kunimaliza. Unakumbuka ule mwaka nilikopesha omena mpaka daftari likajaa? Si unajua Aprili mpaka Julai uvuvi wa omena ziwani unafungwa, omena inakuwa ghali, na kila mama akija na shida yake mimi napima gorogoro naandika deni, usiku nahesabu shida za watu badala ya pesa. Presha ikapanda. Na kilichonishtua zaidi, nikaanza kuwachukia walewale niliokuwa nawahurumia.

Halafu nikasoma kitu kwa simu. Mwaka wa 2004 Tania Singer na wenzake kule London waliwapima ubongo wanawake 16 huku wapenzi wao wakipigwa shoti kidogo mkononi, na sehemu kadhaa za ubongo zinazoamka mtu akiumia ziliamka hata kama ni mpenzi tu ndiye ameguswa. Kwa hivyo hujifanyi, siz, unaumia kweli. Ila baadaye yeye na Olga Klimecki walifundisha watu kuhisi uchungu wa wengine tu, na watu wakazidi kuwa na huzuni. Walipowafundisha kumtakia yule mtu mema, kwa upendo, roho zikatulia, na bado mateso walikuwa wanayaona vilevile.

Hapo nikamkumbuka jirani yangu wa kibanda pale sokoni Kibuye, Kisumu. Mtoto wake alilazwa, na mimi siku hiyo sikuwa na pesa hata ya kukopesha mtu. Nikamuuzia nyanya zake mpaka saa kumi jioni, nikioshea wateja zile zenye matope, nikamtumia pesa yote kwa M-Pesa. Hiyo tu. Nililala fofofo, mimi huyu wa kugaagaa mpaka alfajiri!

Kitu kingine najifunza, na ni kigumu kuliko kuuza nyanya, ni kunyamaza mtu akiongea. Nilikuwa na ile tabia ya "hata mimi", mtu hajamaliza nishamletea yangu (hata hapo juu nimekufanyia, nimejiona). Sai namuuliza tu, unataka nikusaidie ama nikusikilize? Wengi wanasema nisikilize.

Wewe kwa yule mtoto ulifanya nini? Ulimbadilishia shuka, ulimshika mkono, ulimwita mamake kwa jina. Usiku ule hukuniambia hata moja ya hizo, nimezisikia kwa rafiki yako mnayefanya naye kazi.

Jumapili ukiwa ofu njoo Kibuye. Nitakuwekea kigoda nyuma ya kibanda, na hivyo viatu uviache nyumbani, uje na slipasi.