Kifuniko cha dele

Kibokoni, Mombasa
Alhamisi, baada ya alasiri

Shoga yangu Rukia,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, natumai wewe na Baba Nasri na wote wa huko Lamu mu wazima pia. Najua nina deni lako la barua tangu kabla ya Ramadhani, na najua ushasema moyoni, "Leo kakumbuka nini huyu?" Nimekumbuka jambo, na wewe umo ndani yake mzima mzima. Sikutaka kulisema kwa simu, maana ungecheka kabla sijamaliza, na tena mimi nikishika simu nyumba nzima hujifanya haisikilizi.

Jambo lenyewe ni kifuniko. Lakini ngoja nianzie kwenye stoo, usije ukaniona nimerukwa na akili.

Kakangu ameamua ile stoo ya chini ya ngazi itobolewe mlango upande wa mtaani, ipangishwe mtu wa M-Pesa. Simlaumu sana. Paa lavuja, na mamangu hakutuachia pesa, alituachia vitu. Stoo ile unaijua, hata paka alikuwa akiingia kinyumenyume. Mamangu mwenyewe akiiita chumba cha wageni. Basi tumepewa siku kumi tuwatoe wageni.

Tumetoa mbuzi nne za kukunia nazi, tatu hazina meno. Tumetoa chemni za kandili, cherehani ya mkono iliyogoma zamani, kiti kilichokatika kamba zote, ubawa wa dirisha la roshani ambayo sijui iko nyumba gani, na lile bakuli la kauri lililopasuka likashonwa kwa shaba. Mwanangu mdogo akaniuliza, "Mama, hili bakuli lilifanyiwa operesheni?" Bibi yake angempa shilingi kwa swali hilo.

Unakumbuka alivyokuwa akivisemesha? Mamangu hakuwa na "hiki" wala "kile". Kitu kikishachakaa alikipandisha cheo kikawa mtu. "Huyu amechoka tu, mpe ndimu na majivu." "Huyu mguu wamuuma, msimkalie." Mimi nikaandika "sinia huyu" kwenye insha, nikachapwa rula mbele ya darasa, na wewe ukacheka mpaka ukatolewa nje. Niliporudi nikamlalamikia. Akasema mwalimu yuko sawa, lakini hajawahi kulisugua sinia.

Sasa vita viko kwenye ule mlango. Ule wa banda la kuku. Wewe ulituona dirishani siku ile, usikane. Mamangu alikwenda Kisauni kumpa mtu pole, akarudi na ubawa wa mlango juu ya mkokoteni. Aliuona umefungwa kwenye banda la kuku kwa waya, uso umegeuzwa ndani, umepakwa rangi ya mafuta ya kijani, na mavi ya kuku juu yake. Mwenye kuku alidhani mwanamke huyu hana akili; alipewa mabati mawili mapya na jogoo, akaufungua mwenyewe mbio mbio kabla mnunuzi hajazindukana. Yule wa mkokoteni alipofika darajani Nyali akauliza, "Mama, kuni hizi zitapika nini?" Mimi nilikuwa nyuma, na mtandio nimeushusha mpaka puani.

Akaukwangua mwaka mzima. Baada ya isha, kwa kipande cha chupa, taratibu, hataki msasa. Kijani ikatoka, chini yake buluu, chini ya buluu mbao za msaji, nyeusi kama tende. Waridi katikati, na mnyororo umezunguka pembeni. Na kwenye mnyororo ule, upande wa chini karibu na bawaba, pana pete moja ndogo kuliko zenziwe, imekwenda upande. Ndipo alipopapenda kuliko pote. Alikuwa akiishika ile pete kwa kidole na kusema, "Hapa fundi aliitwa chakula." Kila mgeni alionyeshwa. Hakumwonyesha mtu waridi.

Basi wiki iliyopita kakangu akamleta bwana mmoja mwenye gari kubwa. Bwana akautazama mlango, akasema utafaa, atauwekea kioo juu na miguu minne, iwe meza ya kahawa, amsafirishie mwanawe ughaibuni. Meza, Rukia! Mlango aulaze chali! Nikaona kakangu ameshaanza kuhesabu mabati ya paa kwa macho. Ulimi ukaniponyoka. Nikamwambia yule bwana kwamba sheria ya makavazi ya mwaka 2006 inaitaja milango yetu waziwazi: mlango au fremu iliyochongwa kwa mtindo wa Kiafrika au wa Kimashariki kabla ya mwaka 1946 hautoki nchini bila kibali. Akauliza, "Na huu ni wa kabla ya 1946?" Nikasema, "Huyu? Huyu ni wa mwanzo wa karne." Wallahi sijui ni wa lini. Lakini nilisema "huyu", nikajisikia mwenyewe, na kakangu akanisikia. Bwana akaondoka na gari lake. Tangu siku hiyo mimi na kakangu tunasalimiana kwa adabu, na wewe wajua maana yake.

Halafu kuna fundi wake naye, anataka kuipaka stoo saruji. Nimemwambia mara tatu kwamba ukuta huu ni wa matumbawe na chokaa, nao hupumua. Ukiuvika saruji, unyevu utakosa pa kutokea, chumvi itaula kwa ndani, na plasta yake itaanguka vipande vipande. Akaniuliza nimesomea wapi. Nimesomea Ndia Kuu, nikiburutwa mkono kila Alhamisi na mwanamke aliyetembea ameangalia juu, akijikwaa na kuomba radhi kwa baraza za watu. Akasimama chini ya roshani, akasimama mbele ya kuta zinazolia chumvi, akanieleza kwa nini vyumba vya kale ni vyembamba (boriti ya mkoko ina urefu wake, na huo ndio upana wa chumba, hakuna ujanja). Mimi nataka aiskrimu. Leo ninasimama mimi, na binti yangu wa kwanza ananivuta, "Mama, twende, watu watuangalia."

Kakangu husema mamangu aliyapata haya kwa uzee. Si kweli, na yeye hasa ndiye asiyestahili kusema. Mwaka 1977, walipoanza kuzamia ile meli ya Wareno iliyozama chini ya Ngome, Fort Jesus, mwaka 1697, mamangu alikuwa bibi harusi wa juzi juzi, na mimba yake huyu huyu kakangu. Kila akipata nafasi alikwenda ufukweni na chupa ya chai kuwatazama wapiga mbizi. Vilipokuwa vikipandishwa vyombo, yeye akisema, "Yuko majini miaka 280 na bado hajaoga." Na hiyo Ngome yenyewe, nilimkumbusha kakangu, ilikuwa jela mpaka mwaka 1958. Mamangu alikuwa mtoto wa miaka saba. Nyanyangu akimvusha upande wa pili wa njia asipite karibu na ukuta ule. Leo watu watoa pesa kuingia na kupiga picha. Alikuwa akilipenda sana jambo hilo. Alilirudia mpaka babangu akawa atoka barazani akisikia "mwaka hamsini na nane".

Haya. Kifuniko.

Ijumaa usiku nilikuwa peke yangu mle ndani, nimebakisha lile sanduku la njumu. Chini kabisa, chini ya leso zake, pana mkebe wa biskuti. Ndani ya mkebe, leso iliyochanika, na ndani ya leso, kifuniko cha dele, birika lake la kahawa. Ukubwa wake ni kama hamri dogo. Kishikio chake juu kama kungumanga. Upande mmoja pana jino la bawaba lililokatika.

Umeshajua ni dele gani.

Mimi nilikaa chini, shoga. Tulikuwa na miaka kumi na mitatu, ilikuwa wiki ya Iddi, na yule mtu wa vyuma kuukuu alipita na mizani yake. Wewe ulisema mlango wa jikoni u wazi. Au nilisema mimi? Miaka yote nimesema ulisema wewe. Dele lilikuwa juu ya rafu, halina kifuniko, maana bawaba ilikuwa imekatika na kifuniko kilikuwa kinangoja kupelekwa kwa fundi kikalehemiwe. Tukapewa shilingi thelathini na tano. Tukala mihogo ya Laitihausi na pilipili mpaka ikatutoa machozi, na zilizobaki tukanunua bangili, zangu nyekundu na zako kijani, tukaambizana tutasema tumepewa na shangazi yako.

Mamangu hakuuliza kitu. Alirudi jikoni, akaitazama rafu, akasema, "Dele kaondoka." Basi. Wiki nzima akawa anakwenda Mwembe Tayari, na siku mbili alinichukua. Kwa wale wa vyuma. Alikuwa akiinua milango ya magari na masufuria yaliyopondwa, kimya, kama mtu aliyeitwa kumtambua maiti. Mimi nimeshika mkoba wake, na bangili nimezipandisha mpaka kwenye kisugudi ndani ya mkono wa kanzu. Siku ya pili akaliona sinia, limekunjwa ukingo, akalinunua kwa kilo. Ndilo lile tulilolia pilau siku ya harusi yako. Ulilisifu mwenyewe.

Sasa sikiliza kilichonikalisha chini. Shaba isiyoguswa miaka thelathini na ushei hugeuka kijani, hilo hata wewe usiyejali walijua. Kifuniko kile kinang'aa. Nilikileta kwenye taa nikakigeuza. Ndani ya mitaro ya nakshi mna majivu makavu, meupe, yale yanayobaki usipokisuuza vizuri. Alikisugua, Rukia. Si mara moja. Mpaka mwaka jana labda, mikono ile inayotetemeka, mlango umefungwa, sisi tunadhani amelala. Dele hana, kifuniko anacho, anakipa ndimu.

Nimejaribu kukasirika. Nimejisemea, ikiwa alijua, mbona hakunipiga, tukamaliza? Ningelia siku moja yakaisha. Halafu nasema labda hakujua, labda alidhani mwizi, na kifuniko alikiweka kwa sababu hakuwahi kutupa kitu maishani mwake. Halafu nakumbuka lile neno lake, "kaondoka". Hakusema "kaibwa".

Sijamwambia kakangu. Atasema, bora lile dele liliuzwa, limepunguza mzigo. Mlango nimeuhamisha chumbani kwangu, umesimama ukutani, mume wangu anaugonga kila asubuhi kabla ya kuamka, eti anaomba ruhusa. Bakuli la operesheni nimempa mwanangu. Kile kiti kisicho na kamba sijui nikifanye nini, nimemwazima jirani akaushie nguo.

Sasa nijibu, na usinijibu kwa picha za vichekesho. Nani alisema mlango wa jikoni u wazi? Mdomo wa dele ulikuwa umepinda kama wa ndege au umenyooka? Mimi naona umepinda, lakini siku hizi naona kila kitu kimepinda. Yule mtu wa vyuma alikuwa na jicho bovu au nimemchanganya na yule muuza samaki? Na wewe, siku ile kabla ya harusi yako, ulipokaa na mamangu jikoni saa nzima mlango umerudishwa, mkatoka wote macho mekundu mkasema ni vitunguu: hukumwambia? Niambie kweli, sitakasirika. Na Ami wa Baba Nasri, yule anayechonga, aweza kuja Mombasa hata kwa siku mbili amtazame huyu mlango, aniambie kama nilimdanganya yule bwana au sikumdanganya? Nauli nitatoa mimi. Na huko kwenu, kwenye maduka ya vitu vya kale, ukimwona dele wa shaba aliyekaa kichwa wazi, mwenye jino la bawaba upande mmoja tu, utamshika mkono kidogo umwulize katokea wapi?

Nimekisugua tena leo asubuhi. Nimekisuuza vizuri, ila mtaro mmoja nimemwachia majivu yake.

Wako,
Mwanaidi