Heri ya Krismasi kutoka mji uliojengwa kwa mbao

Ndugu, jamaa na marafiki, heri ya Krismasi na Mwaka Mpya!

Huku Seattle jua linazama saa kumi na dakika ishirini jioni, na manyunyu hayajui kukata. Ninyi huko nyumbani mnalalamikia joto, tungebadilishana kidogo.

Kila Desemba barabara ya Yesler Way hunikumbusha mwenye jina lake. Henry Yesler alifariki Desemba 16, 1892, siku tisa kabla ya Krismasi. Alifika hapa mwaka 1852, wakati msitu ulikuwa umeshuka hadi ufukweni na nchi ilikuwa ya Waduwamish, wenyeji wa asili. Walowezi waliomtangulia walisogeza mipaka ya viwanja vyao ili apate pa kufunga mashine, na Machi 1853 kiwanda chake cha mvuke kikaanza kupasua mbao, cha kwanza katika ghuba yote ya Puget Sound. Magogo yaliburutwa kwenye mteremko, mbao zikapakiwa melini kwenda San Francisco, maranda yakafukia vinamasi. Kuna sehemu za mji ambazo hadi leo zimekaa juu ya maranda hayo.

Mimi lakini sivutiwi sana na kiwanda. Navutiwa na jiko. Yesler alijenga kibanda cha magogo cha kupikia vibarua wake, wakiwemo wenyeji, na kwa kuwa mji haukuwa na jengo lingine la maana, humo humo ndimo watu walimosali, walimofanya mikutano na kusikiliza kesi, na mgeni akakosa pa kulala akajibanza humo.

Utajiri wake ulikuwa wa kupanda na kushuka. Madeni yalimbana hadi mwaka 1876 akatangaza bahati nasibu! Hata hivyo watu walimfanya meya mara mbili, 1874 na 1885.

Awamu hiyo ya pili ndiyo inayonikera. Februari 1886, Yesler akiwa meya, genge lilipita nyumba kwa nyumba likiwatoa Wachina na kuwaswaga hadi gatini wapande meli. Gavana alitangaza sheria ya kijeshi, lakini karibu 200 walikuwa wameshasafirishwa. Mji ule ule wa lile jiko! Na wale waliowafukuza, bila shaka, wiki chache nyuma walikuwa wameimba habari za Mariamu na Yosefu kukosa nafasi katika nyumba ya wageni.

Basi mwaka huu nimewaalika wapangaji wenzangu wote wa ghorofa hili, hata yule anayegonga ukuta nikiweka muziki. Pilau ni kilo nne. Shangazi, nitumie tena vipimo vya bizari yako kabla ya mkesha, na uandike vijiko, usiniandikie "kiasi".

Wajomba, wasalimieni wote. Mwaka mpya uwakute wazima!