Picha ya hisia nayo yataka mto ulale

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niwaambie jambo wachoraji chipukizi wa hapa Mombasa. Picha nyingi za mlima na mto zinazouzwa mjini zina rangi tamu na mkono usio na woga, ila mto wake umesimama wima kana kwamba unaparamia mlima. Ukihoji, utaambiwa hiyo ni picha ya hisia, haina kanuni. Sikubali. Rangi itie chumvi upendavyo, lakini maji lazima yalale.

Kosa huanzia kwenye mapinda. Mto ukiwa na upana wa kiganja chini ya kanvasi, pinda la pili lipewe vidole viwili, na la tatu libaki uzi tu. Kadiri unavyokwenda mbali, pinda hubanwa hadi likaribie mstari wa ulalo. Ukiyachora yote kwa uviringo mmoja, utapata utepe unaoning'inia.

Umbali nao hujengwa kwa rangi ya anga. Changanya ya kutosha, usiimalize yote angani. Mlima wa nyuma kabisa upewe nyingi, wa kati kiasi, wa mbele kidogo mno. Manjano ndiyo hupotea kwanza machoni, kwa hiyo kijani kibichi kwenye kilele cha mbali hukivuta mbele. Theluji ya Kilimanjaro upande wa kivuli ipakwe bluu yenye zambarau. Nyeupe tupu ibaki kwa sehemu ndogo inayopigwa na jua.

Hisia zenyewe ziko kwenye mwendo wa brashi. Kwenye mlima, vuta kufuata mteremko. Kwenye maji, taswira ya mlima ivutwe wima moja kwa moja chini ya mlima wenyewe, popote jua lilipo (wengi huichanganya na kivuli), kisha rangi ikiwa mbichi pitisha brashi kavu kwa ulalo, mara moja, kwa wepesi. Ukirudiarudia, unapata tope. Maji ya Mto Sabaki wakati wa mvua hayataki bluu ya kioo hata kidogo. Yape kahawia yenye wekundu.

Rangi ya akriliki, ile inayozimuliwa kwa maji, hukauka upesi sana kwenye upepo wa kaskazi. Nyunyizia matone ya maji kwenye ubao wa kuchanganyia, wala usiizimue rangi kupita kiasi: maji yakizidi rangi, gundi iliyomo hudhoofika na picha hubambuka.

Rangi nzito inayopakwa kwa kisu cha kuchorea ije mwisho, sehemu chache tu. Kabla ya kutia sahihi, pindua picha juu chini, uitazame kwa macho nusu. Mto ukiwa bado umesimama, rekebisha mapinda ya mbali kwanza, usiguse ya mbele.

Mpenzi wa sanaa,
Kizingo, Mombasa