KUH: KIBAO CHA KLAPA KIBOVU NA DHARAU YA KAUNTANI

Kwa Meneja,

Naandika kwa heshima, ingawa heshima hiyo kauntani kwenu hatukuiona.

Kibao chenye taimkodi (saa ya namba inayokwenda sawa na ya rekoda ya sauti) mlichotukodisha Ijumaa, kile kipigwacho mbele ya kamera ili picha ioane na sauti, ni kibovu. Bawaba ya mkono wa juu imelegea. Ukiupiga, mkono wadunda na mlio watoka mara mbili: ta-tak. Twarekodi fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde, kila fremu sekunde 0.04. Mhariri akitafuta fremu ambayo vijiti vimegusana aioanishe na mlio, akuta milio miwili. Ashike upi? Saa ya kibao nayo tuliioanisha na rekoda saa moja asubuhi. Kufika adhuhuri, tuko mtaa wa Ndia Kuu, ishapotea fremu 4. Midomo yafunga, neno bado latoka.

Jumatatu tulipokirudisha, kijana wetu wa klapa alieleza haya kwa upole. Mfanyakazi wenu akakichukua, akakipiga mbele ya uso wa kijana, akasema: "Kibao ni kibao. Kikiwashinda, pigeni makofi." Wateja wakacheka.

Na Alhamisi tuliomba kukijaribu, mkasema kimeshakaguliwa! Kukagua ni kutia betri mpya, kukioanisha na rekoda, kukiacha muda wa saa nne, kisha kulinganisha namba. Ni kupiga vijiti mara kumi ukisikiliza kwa hedifoni. Hata ubao umechubuka, wino haufutiki vizuri. Teki, yaani mara ya kurekodi onyesho, ya 3 yasomeka 8.

Makofi twayajua, Meneja. Hupigwa kibao kinapokosekana, na viganja lazima vionekane kwenye picha. Lakini hatukulipia makofi. Narudia mpate kuelewa: alikipiga karibu na macho ya kijana wa watu, vijiti vikalia ta-tak vile vile, ubovu wenyewe uko mkononi mwake, naye atwambia tupige makofi!

Nilikusudia kudai kodi ya siku moja tu. Sasa nataka ya siku zote tatu, na amana mliyoizuia kwa kisingizio cha bawaba hiyo hiyo, na malipo ya mhariri anayeoanisha teki moja moja kwa macho na masikio. Na mfanyakazi huyo amtake radhi kijana wetu, pale pale kauntani, mbele ya wateja.

Nawapa siku 7. Zikipita, tutaonana Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa. Ile ta-tak tunayo kwenye rekodi.

Msimamizi wa Utayarishaji
Mombasa